Barua kwa mwanangu: kifua kinabana na kipimo bado wiki tatu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na mama yako. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unauliza mambo mawili: ikiwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, imetoka safi, na troponini, kile kipimo cha damu cha kuona kama msuli wa moyo umeumia, imetoka safi, mbona kifua bado kinabana? Na hizi wiki tatu kabla ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kipimo cha kutembea kwenye mashine utazipitishaje, maana usiku hulali, unasikiliza mapigo ya moyo tu. Naanza na lisiloweza kungoja hata umalize kusoma.

Yapo maumivu yasiyosubiri tarehe ya kliniki. Ukihisi kifua kimebanwa au kimeelemewa, na hapo hapo jasho jembamba linakutoka, pumzi inakata, unataka kutapika, unapata kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu yanasambaa kwenda mkononi, begani, shingoni, kwenye taya au mgongoni kati ya mabega, nenda hospitali saa ile ile. Maumivu ya kubana yasiyo na dalili hizo, lakini umekaa umetulia dakika 10 na hayajaachia, nayo ni ya kwenda. Kuna na haya mengine mawili: maumivu ya ghafla, makali tangu sekunde ya kwanza, yanayochana kuelekea mgongoni, na kuishiwa pumzi ghafla huku mguu mmoja umevimba au unakohoa damu. La kwanza linaweza kuwa mshipa mkuu wa damu unachanika, la pili ni bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu.

Tena wewe ni mwanamke, mama, na hili nalitilia mkazo. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawabanwi sana kifuani. Wanachoka ghafla kuliko kawaida, wanaumwa chembe ya moyo, wanatapika, taya inauma, kisha wanaambiwa ni gesi. Una miaka 42 na una presha. Mtu yeyote akikwambia ni gesi kabla hajakupima ECG, mwombe ECG kwa upole na usiondoke.

Ikitokea, kaa chini, egemea, kunja magoti. Kama uko peke yako, fungua kwanza komeo la mlango. Aspirini ya miligramu 300, tafuna usimeze nzima, ili ifanye kazi haraka. Usiitumie kama aspirini inakudhuru, kama una kidonda cha tumbo kinachotoa damu, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama maumivu ni yale ya kuchana mgongo. Usiendeshe gari mwenyewe, na usipande bodaboda, kwa sababu ukizimia njiani utaanguka barabarani. Ongea leo na jirani mwenye gari, na dereva mmoja wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye ECG na idara ya dharura. Kupitia duka la dawa ni kupoteza muda ambao msuli wa moyo hauna. Mkwe wangu naye ajue hili: ukianguka ukawa huitikii na hupumui kama kawaida, aite msaada, aweke viganja viwili katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika mpaka msaada ufike.

Sasa swali lako la kwanza. ECG ulipimwa umelala, kifua kikiwa kimetulia, na mashine ilirekodi sekunde chache tu. Gari linaweza kuunguruma vizuri likiwa limesimama, likashindwa mlimani. Mshipa wa moyo uliopungua upana unaweza kupitisha damu ya kutosha ukiwa umelala, ukaishindwa kazi unapopanda ngazi za shule. Troponini nayo inajibu swali moja: je, msuli wa moyo umejeruhiwa siku hizi? Hupanda saa chache baada ya jeraha, ndiyo maana anayefika mapema hurudiwa kipimo muda wa saa 3 hadi 6 ukipita. Ya kwako haikupanda, na hiyo ni habari njema ya kweli. Haina maana kwamba mishipa imeshachunguzwa. Aliyekwambia "huna kitu" alisema zaidi ya kile alichopima.

ECG yenye thamani kuliko zote ni ile inayopigwa maumivu yakiwepo. Ulizia kituo cha karibu nawe chenye mashine inayofanya kazi, na kikianza kubana uko karibu, ingia useme, "Nina maumivu ya kifua sasa hivi, naomba ECG." Wanaojua kazi hawatakupanga foleni.

Umeandika kwamba kinabana ukipanda ngazi na kuachia ukisimama. Hilo ndilo linalonifanya nikazanie kipimo cha mashine. Maumivu yanayokuja na kazi au hasira, na kuisha dakika 2 hadi 5 baada ya kupumzika, yana sura ya moyo kudai damu. Yakibaki hivyo hivyo, subiri tarehe yako ukiwa makini. Yakibadilika, yaani yakaanza kuja kwa kazi ndogo zaidi, mara nyingi zaidi, yakikawia kuondoka au yakakukuta umekaa tu, usingoje tarehe. Nenda siku hiyo hiyo.

Ila umetaja pia kichomi upande wa kushoto, unakionyesha kwa ncha ya kidole, kinadumu sekunde chache na kuuma ukibonyeza. Hicho mara nyingi ni cha mbavu na misuli yake, hasa siku inayofuata baada ya kufua au kubeba maji. Na kile cha kuchoma ukilala baada ya chakula cha usiku kina sura ya kiungulia. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanapata jibu la kimoja wanadhani wamepata la vyote. Wala usitumie dawa kama kipimo. Dawa ya kiungulia ikituliza haithibitishi kwamba ni tumbo, na kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi kikituliza hakithibitishi kwamba ni moyo, kwa sababu kidonge hicho hulegeza na koo la chakula pia.

Kwa ajili hiyo nataka uwe na daftari dogo. Kila maumivu yapate mstari wake: tarehe na saa, ulikuwa unafanya nini dakika ile, yalikuwa ya kubana, ya kuwaka kama kiungulia au ya kuchoma kama kichomi, yalikaa dakika ngapi kwa saa ya ukutani, yalikwenda wapi, yaliachia kwa nini, na ukali kati ya 0 na 10. Usiandike "nilijisikia vibaya", haimsaidii daktari. Andika hivi: "Jumanne saa 1.40 asubuhi, ngazi za ghorofa ya pili na madaftari mkononi, kubana katikati, dakika 3, nikasimama kikaisha, 5." Mistari 10 ya namna hiyo itamwambia daktari wa moyo mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Kwenye ukurasa wa mwisho andika dawa zako zote na miligramu zake, mitishamba ikiwemo, na ndugu wa damu waliopata ugonjwa wa moyo mapema: baba au kaka kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya miaka 65.

Presha pima asubuhi na jioni tu. Kaa dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila chai, kahawa wala mazungumzo. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Ukipima kila robo saa utapata namba za hofu, na hofu itapandisha namba inayofuata.

Usiku ndio mgumu, najua. Ukiamshwa na kifua, kaa kitandani miguu chini, tazama saa. Jiulize zile dalili nilizoandika mwanzo zipo? Ikiwepo hata moja, mwamshe mumeo muende. Kama hakuna, vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 5. Mtu mwenye hofu hupumua haraka bila kujijua, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, vidole na midomo vinakufa ganzi, kifua kinakaza, na yeye anaamini ndiyo mwisho. Pumzi ndefu ya kutoka nje inairudisha damu kwenye hali yake. Usipumulie ndani ya mfuko, ni hatari kama tatizo kweli ni moyo au mapafu. Saa ikifika dakika 10 na kubana hakujaachia, kanuni ni ile ile: unakwenda, hata kama unaona aibu kuwasumbua watu. Kukiachia mapema, lakini ni kubana kule kule kwa ngazini, nenda siku hiyo hiyo kama nilivyosema. Kuwa na hofu hakumkingi mtu na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo usiitumie hofu kama maelezo.

Kwa kile cha kuchoma, maliza kula muda wa saa 3 nzima kabla ya kulala, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haitoshi. Inakunja tumbo na kuzidisha.

Mchana endelea kutembea tambarare kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza, na usimame kabla ya kubanwa. Ndoo ya lita 20 iache. Ukibeba uzito huku umebana pumzi presha inaruka. Mtu abebe, au mgawanye kwenye ndoo mbili. Usipande ngazi mara baada ya kushiba. Ukiumwa kichwa au mgongo tumia paracetamol. Diklofenaki na ibuprofen zinazouzwa kirahisi dukani hupandisha presha na huongeza hatari kwa mwenye tatizo la moyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu acha kabisa. Dawa ya presha usiikatishe, hata kama mtu amekuletea majani ya kuchemsha.

Siku ya eko hufungi chakula. Vaa blauzi na sketi badala ya gauni, kwa sababu utavua juu tu. Utalala ubavu wa kushoto, watapaka jeli ya baridi, na wataomba uzuie pumzi mara kadhaa. Kwa kawaida ni dakika 20 hadi 40. Eko inaonyesha vali, yaani milango ya moyo, nguvu ya kusukuma damu na maji kwenye mfuko wa moyo, ambayo huku kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu. Vali zilizoharibiwa na homa ya utotoni huonekana hapo. Isichoonyesha vizuri ni ndani ya mishipa inayolisha moyo wenyewe.

Hiyo kazi ni ya mashine ya kutembea. Kula chakula chepesi muda wa saa 2 au 3 kabla ya kipimo, usinywe chai wala kahawa siku hiyo, vaa raba na suruali, na usipake mafuta kifuani, vibandiko vya nyaya vitateleza na picha itachafuka. Kama unatumia atenolol, propranolol au bisoprolol, muulize daktari mapema kama aisimamishe. Usiiache mwenyewe, kwa kuwa kuiacha ghafla kunaweza kuleta hayo hayo maumivu. Kwa utaratibu unaotumika sana, mashine huanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika 3 kasi na mwinuko vinaongezwa. Kwa umri wako wanataka mapigo yafike 151 hivi kwa dakika, yaani asilimia 85 ya 178, kilele cha mapigo kinachokadiriwa kwa umri huo. Kifua kikibana sema mara moja, usijikaze. Kuna watu hunyamaza ili wamalize, na wanaharibu kipimo. Ukichoka kabla mapigo hayajafika hapo, jibu "safi" halijakamilika, uliza watafanya nini badala yake. Kwa wanawake kipimo hiki pia huonyesha tatizo lisilokuwepo mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, hivyo kikitoka kibaya usikate tamaa. Hatua inayofuata inaweza kuwa CT, picha ya eksirei ya kompyuta, ya mishipa ya moyo.

Na vikitoka safi vyote? Uliza kama umepimwa damu kwa ajili ya upungufu, sukari, lehemu (kolesteroli) na tezi ya shingo. Hedhi nzito inaweza kushusha damu mpaka moyo ulalamike ngazini. Uliza kuhusu mishipa midogo ya moyo, ambayo husumbua wanawake wengi ilhali mikubwa iko wazi, na kuhusu koo la chakula.

Kama rufaa yako ni ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, hakikisha karatasi ya rufaa na bima bado zina muda, piga simu siku mbili kabla kuuliza kama mashine inafanya kazi, na waombe wakuite nafasi ikipatikana mapema. Ile ECG ya kwanza ipige picha leo hii, kwenye mwanga wa mchana, juu ya meza. Karatasi yake ni ya joto, maandishi hufifia, na ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki hufifia upesi zaidi. Daktari ataitaka ailinganishe na mpya.

Tarehe ikithibitishwa nipigie. Mama yako atapanda basi siku moja kabla aje akae na watoto.

Baba yako