Kama ardhi yetu inaachana, milima imetoka wapi?

Mkuu, umeuliza: ikiwa mabamba ya Afrika Mashariki, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yanaachana, milima yetu imetoka wapi, wakati shuleni tulifundishwa milima huzaliwa mabamba yakigongana? Swali hilo lilinisumbua na mimi hadi Julai 2007.

Mwezi ule nilikuwa Arusha. Ardhi ilitikisika siku baada ya siku, tukawa tunalala na viatu miguuni. Tetemeko kubwa lilikuwa la tarehe 17, kipimo 5.9, hata Nairobi walilisikia. Kitovu chake kilikuwa karibu na mlima Gelai, Ziwa Natron, ambako ndiko ninakopeleka wageni. Baadaye nilipita kusini mwa Gelai kwa miguu nikaukuta ufa wenyewe: nyasi zimeachana, udongo unaporomoka ndani, ukingo mmoja umeshuka kuliko mwenzake. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Wataalamu walieleza kuwa uji wa mwamba ulijipenyeza chini kwa chini kama kabari kwenye gogo, ukaipanua nchi bila kutokea juu. Septemba, jirani yake Ol Doinyo Lengai ukaanza kulipuka, majivu yakafunika malisho.

Jibu lako limo humo. Bamba la Nubia na la Somalia huachana milimita chache tu kwa mwaka, lakini ganda la dunia huwa kama donge la chapati unalolivuta: katikati linakonda na kudidimia. Ndiko yaliko maziwa ya Manyara, Natron, na kule magharibi Tanganyika lenye kina cha mita 1,470. Ganda likikonda, mwamba wa moto ulioko chini unapunguziwa mgandamizo, unayeyuka, unapanda. Lengai na Meru ni milima ya namna hiyo: haikukunjwa, ilirundikwa na volkano.

Himalaya ni habari nyingine kabisa. India imeisukuma Asia, miamba ikakunjamana kama mkeka uliosukumiwa ukutani. Bamba la bahari likizama chini ya jingine, hapo unapata handaki refu baharini na safu ya volkano, kama Sumatra, kisiwa cha Indonesia. Huko ndiko lilikotokea tetemeko la 26 Desemba 2004, na mawimbi yake yaliua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Hatuko mbali na mambo hayo kama tunavyodhani.

Mabamba yanayopishana kwa kusuguana, mfano kwenye ufa wa San Andreas kule California, kwa kawaida hayana volkano. Huko, katika tetemeko la mwaka 1906, nyua za mashamba zilikatika, kipande kimoja kikahama mita kadhaa.

Ukija Natron, anzia Gelai kabla ya kupanda Lengai. Na ule weupe utakaouona kileleni si theluji. Ni lava yake: hutoka nyeusi, ikipata unyevu wa hewani hugeuka nyeupe.