Nani Atasimama Upande Wangu Siku ya Posa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 27, Mwislamu, mzaliwa wa Masasi, na ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Temeke. Baba yangu aliondoka kabla sijaanza kutembea, na mama, ambaye hadi leo anauza chakula karibu na stendi, hapendi kumzungumzia. Mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni na kunilipia ada, ingawa siku hizi tunasalimiana kwa simu tu. Kunyoa ndevu nilifundishwa na kinyozi wa mtaani, na kazi nilifundishwa na fundi aliyenipokea nyumbani kwake. Sasa nataka kuoa binti wa Tanga, na wazee wake wameuliza baba wa kijana ni nani na nani atakuja kuzungumza. Nahofia kuonekana mtu asiye na kwao, na nahofia zaidi kwamba sitajua kuwa baba, kwa kuwa sikumwona wa kumwiga. Je, nimtafute kabla ya posa? Na akitokea mwenyewe siku ya harusi, itakuwaje? – Msomaji, Temeke.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na wazee wa Tanga, maana wao ndio wanaosubiri. Swali lao si tusi. Anayemwoza binti anataka kujua atamwita nani siku mambo yakiharibika, na kwa kawaida huyo huwa ni baba wa kijana. Asipokuwepo, wanataka kutajiwa mtu mzima mwingine ambaye wanaweza kubisha hodi kwake. Usimzulie baba yako kifo wala safari ya ng'ambo, kwa sababu uongo wa siku ya posa hufichuliwa na ndugu mmoja tu mwenye mdomo mwepesi, na atakayeaibika mbele ya wazazi wake ni mchumba wako. Mshenga aseme waziwazi kwamba baba hakushiriki malezi, kisha amtaje aliyelea.

Na wa kutajwa unaye. Umetoka Masasi, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambako kwa asili ukoo hufuatwa upande wa mama na mjomba huwa msemaji wa watoto wa dada yake hata pale baba anapokuwa hai na yuko nyumbani. Wakwe zako wakiwa Wadigo hawatashangaa hata kidogo, kwani kwao pia mjomba alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya ukoo na urithi. Lakini usimpigie simu kumwarifu tu. Panda basi uende Masasi, uketi naye, umweleze habari za binti huyo na umwombe akusimamie, kwa sababu mtu aliyekulipia ada hastahili kusikia habari za posa yako kama tangazo.

Katika nikaha yenyewe huna upungufu wowote. Walii, yaani msimamizi anayeozesha, anatakiwa upande wa bibi harusi. Wewe unakubali ndoa kwa ulimi wako mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haimtaki mwanamume mwenye umri wako alete idhini ya baba. Tena wewe Mwislamu unajua kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake ameshafariki, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib na kisha ami yake Abu Talib, na masimulizi mashuhuri ya sira yanamtaja Abu Talib kuwa ndiye aliyesimama kuzungumza alipomwoa Bi Khadija.

Hofu yako ya pili ndiyo nzito zaidi, na sitakwambia kwamba ni bure. Mtoto anayekua na baba mwema huona mambo mengi bila kufundishwa: jinsi mtu anavyorudi jioni mfukoni hamna kitu na bado akaingia ndani akazungumza na watu wake. Wewe hukuyaona hayo kwenu, lakini umekaa nyumbani kwa fundi wako. Je, ulimwona akimwomba mkewe radhi? Siku ambayo hakuna kazi, alikuwa akisemaje kuhusu hela ya matumizi? Kama hukuwahi kuangalia, nenda kamuulize sasa, wala usione haya, maana wanaume wa umri wake husubiri kuulizwa na mara nyingi hakuna anayewauliza. (Nawajua, pia, waliokaa na baba zao miaka 20 wakatoka wamejifunza kupiga kelele tu.) Mungu akiwajalia ujauzito, nenda kliniki na mkeo tangu hudhurio la kwanza. Wauguzi wanawataka akina baba wafike, na huko utajifunza mambo ambayo hata baba yako angekuwepo huenda asingekufundisha.

Kuhusu kumtafuta, maoni yangu ni kwamba usimtafute kwa ajili ya posa. Mtu asiyekujua hawezi kukueleza mbele ya wakwe. Ukitaka kumjua kwa ajili ya nafsi yako, hiyo ni haki yako, ila anza kwa mama, umuulize kwa upole mkiwa wawili, na akikataa leo usimlazimishe. Kama unachohofia ni maradhi ya ukoo usioujua, kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huna haja ya kumsubiri baba: wewe na mchumba wako mkapime damu, kwani mkiwa nyote wawili mmebeba vinasaba vya ugonjwa huo, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Akitokea siku ya harusi, apokewe kwa heshima, apewe kiti na chakula, na asiulizwe jambo lolote mbele ya wageni. Ila kiti cha mjomba kisiguswe, na mshenga aambiwe hivyo mapema, kabla ya wazee kuanza kupangana.