Taa zangu zilikwama bandarini, giza likapita

Nauza taa za sola za kuvulia dagaa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Biashara yangu inafuata mwezi. Siku za giza zikiingia, zile zisizo na mbalamwezi, wavuvi wanagombania taa. Mbalamwezi ikiwaka wanapandisha mitumbwi na kushona nyavu, nami nabaki dukani napiga soga. Ziwa liko hatua chache tu, lakini taa zenyewe zinapitia bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Ndiyo maana nikipanga mzigo naanza na kalenda. Nauli ya meli naiuliza baadaye.

Hilo nimefundishwa na hasara. Mzigo wangu wa kwanza kutoka Guangzhou niliuchanganya na wa watu wengine, maana mita nne za ujazo hazijazi hata robo ya kontena la futi 20. Nauli ilikuwa nafuu, nikajiona mjanja. Meli ikafika salama. Kumbe mmoja wetu, na hatukuambiwa ni nani, alikuwa ameandikisha vitu tofauti na vilivyomo, kontena zima likazuiwa. Siku 19! Taa zangu zisizo na kosa zikakaa humo humo, gharama ya kuhifadhi ikipanda kila kukicha, na bili tukagawana wote. Zilipofika Mwanza mwezi ulikuwa mpevu. Nikaziuza kwa bei niliyonunulia.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya mzigo, muulize msafirishaji: likizuiwa kwa kosa la mtu mmoja, nani analipa? Akikujibu "usijali bosi", tafuta mwingine.

Karatasi nazo zitangulie meli. Ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, ile mawakala wanayoiita BL, zimfikie wakala wako wa forodha meli ikiwa bado baharini. Ukishamaliza kumlipa muuzaji, mwombe mzigo uachiwe kwa teleksi, yaani bila BL ya karatasi, usikae kusubiri BL halisi ije kwa ndege. TBS, shirika la viwango, waulize kabla hujalipa chochote: kama bidhaa yako inahitaji cheti cha ukaguzi, ukaguzi unafanyika huko mzigo unakotoka, na meli ikishang'oa nanga umechelewa.

Halafu kuna siku za bure za kutoa mzigo na kurudisha kontena. Zikiisha unadaiwa pande mbili: bandari inadai kwa kukalia nafasi yake, kampuni ya meli inadai kwa kukalia kontena lake. Hilo la pili ndilo linalotuumiza sisi wa Kanda ya Ziwa. Ukilipandisha kontena mpaka Mwanza, lazima lirudi Dar tupu, na siku zinahesabiwa hata likiwa barabarani, hata lori likiharibika Manyoni. Siku hizi nikijaza kontena peke yangu nalishusha Dar hapo hapo, nalirudisha kwa wenyewe, taa zinapanda semi. Watu wananiambia zitavunjika. Zinavunjika zikipangwa ovyo. Mimi namtuma mdogo wangu asimamie upakiaji mpaka turubai lifungwe. Msimu wa pamba na mpunga ndio mzuri zaidi kwangu, madereva wanataka kufika huku kupakia, hivyo nauli ya kupanda inazungumzika.

Wateja wa Bukoba nawapelekea kwa MV Victoria, inalala majini usiku mmoja. Jina na namba ya simu viandikwe pande zote za boksi, kwa maki peni. Karatasi ya kubandika inabanduka.

Mzigo wangu wa sasa jana usiku ulilala Singida. Dereva ameniahidi kesho saa nne asubuhi atakuwa Buhongwa, hapa Mwanza, na wavuvi wawili kutoka Ukerewe wameshanipigia simu tangu alfajiri. Giza linaanza Jumanne.