Usiku kwenye theluji wanaonaje?

Mdogo wangu umeuliza hao wanaoteleza na ski, vile vibao virefu vya kufunga miguuni, usiku wanaonaje njia, ni taa tu bwana, wanafunga mataa makubwa kwenye nguzo kando ya mteremko, Niseko kule Japani wanafanya hivyo, na theluji ilivyo nyeupe inarudisha mwanga panang'aa kweli. Giza siyo ishu, ishu ni baridi, theluji iliyolainika mchana jua likizama inaganda inakuwa barafu, ski hazishiki vizuri, ukidondoka utajua hujui 😂 Miwani nayo wanavaa ya kioo cheupe, siyo ile nyeusi ya mchana. Huku Kigoma wavuvi wetu wa dagaa mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika maana taa zao hazivuti samaki, lakini wale wa ski mwezi huo ndo kwanza wanaufurahia.