Nyimbo za Krismasi nisizoziacha kila Desemba, na namna ninavyozisikiliza

Kila ikikaribia katikati ya Desemba wadogo zangu wanaanza kunitumia meseji, dada usisahau zile nyimbo kwenye flashi, maana kwetu ni Moshi na safari ya kutoka Dar kwenda nyumbani bila zile nyimbo hainogi kabisa. Mwaka huu nimeona niandike, na cha kwanza nitakachokwambia ni kwamba chukua chache. Mi kuna kipindi nilikuwa na nyimbo zaidi ya 200 kwenye simu, nazipiga tangu Novemba, jikoni, kwenye daladala, kila mahali, afu ikifika mkesha wenyewe nimeshachoka hata kwaya ikisimama sisikii chochote moyoni. Saivi nina 12 tu na sizigusi mpaka tarehe 15.

Wa kufungulia ni Boney M, hapo sibadilishi. Baba alikuwa na kaseti ya albamu yao ya Krismasi, ile ya 1981, siku moja redio ikautafuna utepe katikati ya Mary's Boy Child. Akauchomoa taratibu kwa kidole, akakata kile kipande kilichokunjamana, akaunga kwa selotepu, afu akaurudisha ndani kwa kuzungusha kalamu ya Bic. Tangu siku hiyo wimbo ukifika pale unaruka maneno kama mawili hivi, na sisi watoto tukazoea kuuimba hivyohivyo na ule mruko wake. Baba hayupo tena, wimbo ninao kwenye simu ukiwa mzima, ila nikifika pale bado nanyamaza kidogo. Ukiupenda huo mtafute na Harry Belafonte, yeye aliurekodi 1956, huyuhuyu aliyekuja kuimba Malaika na Miriam Makeba, anauimba polepole mpaka unasikia hadithi yote.

Jim Reeves kwetu ni wa jioni. Mama kakaa na ungo anachambua mchele wa pilau ya kesho, watu wameshaanza kuingia, shangazi, binamu, majirani, na mama anasema sauti ya Jim Reeves haigombani na mazungumzo, ndo maana anaitaka hiyo tu. Albamu yake ya Krismasi ilitoka 1963 na Julai 1964 akafa kwenye ajali ya ndege, yaani alipata sikukuu moja tu tangu itoke. Huyu usimfungulie sauti kubwa, weka spika mbali kidogo, hata chumba cha pili, utaona wazee wenyewe wanaanza kuitikia.

Sasa Haleluya ya Handel, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanausikia kama kelele moja kubwa nzuri basi. Mi niliuelewa nilipoingia kwaya, sauti ya pili, mwalimu akatuambia sikilizeni wimbo mzima mkifuata sauti moja tu, mwanzo mpaka mwisho, mkiikosa rudini nyuma. Mwaka wa kwanza nikafuata ya nne, ile nzito ya chini, mwaka uliofuata ya tatu, na kila mwaka ni kama napewa wimbo mwingine. Kwa asili hata si wa Krismasi, Handel aliandika Messiah nzima, ile kazi ndefu ya kwaya ambayo Haleluya imo ndani yake, 1741 kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742, na Haleluya inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko. Lakini jaribu kuiondoa kwenye Krismasi ya kwetu uone!

Za tarumbeta, zile za bendi ya kanisani, usizitafute mtandaoni, rekodi mwenyewe asubuhi ya tarehe 25. Toka nje, simama mbali kidogo na lile tarumbeta kubwa la besi maana linameza mengine yote, ndani ya kanisa sauti zinagongana na bati unapata mvumo tu. Yangu ina jogoo anawika katikati na sitaki kumtoa.

Wa mwisho ni Usiku Mtakatifu, huu siupigi kwenye simu kabisa, nausubiri mkesha. Mara ya kwanza uliimbwa tarehe 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria, maneno ya padre Joseph Mohr, tuni ya Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule, na waliuimba wao wawili kwa gitaa. Sisi miaka yote tumeuimba na kinanda na spika zote zimefunguliwa. Mwaka huu nimemwomba mwalimu wa kwaya tuuimbe taa zikiwa zimezimwa, gitaa moja, spika zifungwe, amekubali, na kijana wa gitaa anakuja mazoezini Jumamosi.