Maswali ya Wasomaji: Msimu wa Tonado Marekani

SWALI: Husemwa tonado (nguzo za upepo unaozunguka kwa kasi) za Marekani ni za Mei. Mbona Mayfield, Kentucky, ilibomolewa usiku wa Desemba 10, 2021?

JIBU: Msimu upo, ila hauna makao. Tonado kali hutaka unyevu wa joto kutoka Ghuba ya Meksiko, hewa baridi juu yake, na upepo unaobadili kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda. Huo wa mwisho ndio unaolizungusha wingu. Pepo kali za juu hufuata mpaka wa baridi na joto: Machi na Aprili ziko kusini, Alabama na Mississippi; Mei huhamia Oklahoma na Kansas; Juni na Julai hufika Dakota na Minnesota. Agosti joto ni tele, lakini pepo za juu zimelegea. Novemba mpaka huo hushuka tena kusini, na hatari hurudi. Desemba ile, joto la Ghuba lilipanda hadi Kentucky huku juu kukiwa na pepo za majira ya baridi.

Mei huongoza kwa idadi, si lazima kwa vifo. Tonado iliyoua wengi zaidi nchini humo, watu 695, ilipita Missouri, Illinois na Indiana Machi 18, 1925. Dhoruba za mapema husukumwa na pepo kali za juu. Tonado ile ya 1925 ilikwenda takriban kilomita 100 kwa saa. Nani angeikimbia?

SWALI: Je, tonado zinaongezeka? Orodha za miaka ya 1950 ni fupi sana.

JIBU: Orodha imerefuka hasa kwa sababu ya rada za Dopla (zinazopima mwendo wa upepo ndani ya wingu) za miaka ya 1990 na watazamaji wengi zaidi; tonado dhaifu zamani zilipita bila kuandikwa. Hata daraja la nguvu lina kasoro, kwa kuwa hutolewa kwa kukagua uharibifu. Ile ya El Reno, Oklahoma, Mei 31, 2013, ilikuwa na upana wa kilomita 4.2 na rada ilipima upepo wa kutisha, lakini ilipita mashambani, ikapewa EF3 tu, katika kipimo kinachoanzia EF0 hadi EF5.

SWALI: Nikiwa barabarani, nijifiche chini ya daraja?

JIBU: Hapana. Upepo hubanwa pale na kuongeza kasi, na vifusi hurushwa humo. Watu walifia chini ya madaraja Oklahoma Mei 3, 1999. Tafuta jengo imara, ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha. Madirisha yaache yalivyo, ingawa wapo wanaoshauri yafunguliwe. Kuyafungua hakuokoi paa, kunakupotezea sekunde.