Nilivyoangushwa na alama ya kutoa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, naanza tasnifu ya uzamili kuhusu ulinganifu wa mifumo ya mwendo. Nianzie wapi?" Nikacheka peke yangu. Wiki tatu zilizopita nimetetea ya kwangu, nikapita. Ila hiyo ilikuwa mara ya pili. Ile ya kwanza nyumbani niliwaambia "imeahirishwa".

Kazi yangu ilihusu tatizo la Kepler, sayari moja na jua lake. Ukiuzungusha mfumo wote haubadiliki, na kwa sababu hiyo momenta ya mzunguko, L, inabaki vilevile. L ni vekta, ina vijenzi vitatu: hizo namba tatu. Lakini ipo vekta nyingine, ya Laplace, Runge na Lenz, tuiite A. Inaelekea pale sayari inapolikaribia jua zaidi, wala haigeuki, ndiyo maana duaradufu inajifunga palepale kila mzunguko. Hizo tatu nyingine. Zitie zote sita kwenye mabano ya Poisson, kanuni inayochukua viwango viwili vya mwendo na kukupa cha tatu, mbili mbili, uone: L na L zinazaa L, L na A zinazaa A, A na A zinazaa L iliyozidishwa kwa −2mH, m ikiwa masi na H nishati. Hakuna mgeni anayeingia; familia iliyojifunga hivyo ndiyo aljebra. Mwaka 1926 Pauli alitumia muundo huohuo kupata ngazi za nishati za haidrojeni kwa aljebra tupu. Mimi niliposoma hayo nikajiona nimeshafika.

Basi kwenye slaidi nikaandika kwa herufi nene: "Aljebra ni so(4)," yaani ile ya mizunguko katika nafasi ya vipimo vinne. Nilinakili. Bano la A na A sikuwahi kulifungua kwa mkono wangu; ni kurasa za alama tupu, nani ana muda?

Mtahini mmoja, mzee niliyedhani kasinzia, akauliza: "Na Borisov je?" Kometi ile iliyogunduliwa 2019, iliyotoka nje ya mfumo wa jua, ikapita, hairudi tena. Nishati yake ni chanya, si hasi kama ya sayari. "Hiyo −2mH yako itakuwa na alama gani?"

Nikashika kalamu ya ubao. Hasi. Nikagawanya A kwa kipeuo cha pili cha 2mH, ile hasi ikagoma kuondoka. Si so(4) tena, ni so(3,1), aljebra ya Lorentz, ile ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein! Na nishati ikiwa sifuri, A na A zinatoa sifuri. Kumbe aljebra ni tatu, mimi nimekuja na moja. Nyuma yangu mtu akacheka. Kicheko kile bado ninacho.

Sasa mdogo wangu, unauliza uanzie wapi? Anzia kwenye daftari. Fungua kila bano kwa mkono. Usiandike jina la aljebra kabla hujafungua mabano. Programu itakupa jibu kwa sekunde, sawa, lakini mbele ya jopo utasimama wewe, si programu. Siku hizi tunapenda majina makubwa, so hii, sl ile, ukimuuliza mtu alama imetoka wapi anaangalia dari. Fungua mabano!

Utetezi wa pili nilikwenda na daftari limejaa. Hakuna aliyeomba hata kuliona. Yule mzee aliuliza swali moja tu: L nukta A, yaani zao la nukta la vekta hizo mbili, ni ngapi?

Sifuri, daima, nishati iwe yoyote. Akaitikia kwa kichwa, akafunga faili lake.